Unga wa Kubandikia

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, moto, ile pikipiki ya magurudumu matatu, ilipoingia Alunguli, komini moja ya mji wa Kindu, na masanduku yake ya dawa, Mbelu alikuwa wa kwanza kuleta kuku wake na wa kwanza kuondoka. Dokta Déborah, munganga wa nyama, yaani daktari wa mifugo, msichana mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi, alikuwa amekwisha kuiona tabia hiyo. Siku hiyo akamkamata kabla hata meza haijasimama vizuri.

"Koko Mbelu, bibi yangu, leo hukimbii. Musaidizi wangu iko na malaria. Kaa hapa. Mie natoa damu, Jérémie anaandika, weye unabandika etiketi kwenye vichupa. Kazi ya kukaa tu."

"Macho yangu ni mabaya, mwanangu."

"Mabaya? Mama Jeanine, musikie rafiki yako!"

Mama Jeanine alikuwa ameketi kwenye tofali, kamba ya mbuzi wake imezungushwa mkononi. Akacheka mpaka mbuzi akashtuka. "Huyu? Huyu aliona nimevaa sandali za binti yangu kanisani, mie niko kwaya, yeye iko mulangoni! Macho ya kozi hayo, Dokta. Usimuachilie."

Watu wakacheka. Mbelu naye akacheka, kwa kuwa asipocheka wangemtazama. Akaingiza mikono chini ya kitenge chake.

"Mikono njo mibaya," akasema. "Inatetemeka."

Haikuwa inatetemeka.

Jérémie, dereva wa ile moto, akasema kwamba yeye ataandika na kubandika, dunia haitaanguka. Mbelu akashukuru moyoni, akamshika kuku wake miguu, akataka kwenda. Lakini Dokta Déborah akapiga makofi mawili.

"Musiende bado. Iko habari. Kuanzia mwezi kesho hatutakuja kama zamani. Kailo wanatulilia, Lokandu wanatulilia, na moto ni moja. Tutapita hapa mara moja kwa miezi mitatu. Lakini tutaacha sanduku la dawa Alunguli, na muntu wa kulishika. Muntu mwenye diploma. Nimemutafuta, nimemupata ng'ambo ya mto. Anaitwa Papa Kakule."

Jina lile lilianguka katikati ya watu kama chungu. Kelele ikazuka.

"Kakule yupi? Yule wa nguruwe?"

"Ule muuaji?"

"Dokta, weye ulikuwa mutoto bado. Ule mutu aliwapa sumu nguruwe wa Mama Jeanine, watatu, mchana, tunaona!"

Mama Jeanine hakucheka tena. Alikuwa anaikaza kamba ya mbuzi mkononi mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Akasema kwa sauti ndogo: "Mbelu anajua. Mbelu alikuwa kwangu siku ile. Alilia na mie."

Na watu wote wakageuka kumtazama Mbelu.

Shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, muzee Jacques, akainua fimbo yake. Akasema neno hilo si la kukata juani. Siku ya Jumamosi watakutana kwenye parseli yake, uani kwake, huyo Kakule aitwe naye asikie. Watu wakikubali, sanduku litabaki. Wakikataa, lipelekwe komini nyingine, na Kakule arudi kwenye makala yake, yale makaa anayouza ng'ambo.

Mbelu akabeba kuku wake akaenda. Njiani aligundua kwamba kuku hajachomwa sindano.

*

Mwaka wa elfu mbili na mbili, watu wa Kindu hawauiti kwa namba. Wanasema tu: wakati tulipofungwa. Mji ulikuwa umezingirwa. Ndani kulikuwa na bunduki, porini kulikuwa na bunduki, na shamba la muhogo lilikuwa katikati. Gari-moshi halikuja. Chumvi ilipimwa kwa kifuniko cha chupa. Beya, mume wa Mbelu, alikuwa mtu wa reli. Aliondoka na gari-moshi la Kongolo wiki mbili kabla ya njia kukatwa, akamwachia Mbelu mtoto wa miaka minne, Kanku, na sufuria mbili.

Jirani yao alikuwa Kakule, mtu wa Butembo, kijana bado, mwenye diploma ya kutunza wanyama na baiskeli nyeusi. Nyuma ya baiskeli alifunga sanduku la mbao, na ndani ya sanduku chupa zilipangwa kama watoto wa shule. Alipita nyumba kwa nyumba: huyu ana bata, yule mbuzi, huyu nguruwe anayemficha ili askari wasimwone. Hiyo ndiyo ilikuwa kliniki.

Dawa zilikuwa zimebaki za aina mbili tu. Moja ya kunywesha, ya minyoo. Nyingine ya kuogesha, ya kupe na upele, na hiyo ikiingia tumboni ni mauti. Zote mbili ukizitikisa zinakuwa nyeupe kama maziwa. Na chupa alizozipata zilikuwa chupa za mafuta ya taa. Sabuni ilikuwa imekwisha mjini, wakaziosha kwa mchanga na majivu, na harufu ya mafuta haikutoka. Kakule alikuwa akimwambia Mbelu: "Hapa pua ni bure, macho ni bure. Etiketi njo kila kitu."

Alimchukua Mbelu amsaidie kwa sababu Mbelu alikuwa amesoma mpaka mwaka wa tatu kwa masista, na alijua kusoma, polepole, kidole chini ya neno. Kazi ilikuwa hivi. Kakule anamimina dawa, anaandika etiketi kwenye karatasi ya daftari, KUNYWESHA au KUOGESHA, anaiweka kila etiketi mbele ya chupa yake. Halafu anakwenda kutazama wanyama wa jirani, na Mbelu anabandika. Gundi ilikuwa ya unga wa muhogo. Kakule alipewa unga huo na paruasi ya mapadri, kikombe kimoja kila wiki, naye hakuugusa. Aliuleta wote kwa Mbelu: upike mzito, mama, jua ni kali na njia inarukaruka, etiketi isianguke.

Kikombe kizima cha unga, cha kubandikia karatasi! Katika mji ambamo watu walikula majani ya viazi bila mafuta na bila chumvi, asubuhi na jioni majani.

Wiki tano Mbelu aliupika mzito. Wiki ya sita miguu ya Kanku ilikuwa imeanza kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mbelu akaweka maji mengi motoni, akamimina ule unga, akakoroga, ukawa uji. Na hapa kuna jambo ambalo hata yeye mwenyewe, miaka yote, aliliruka alipokumbuka. Hakumwita mtoto kwanza. Alikunywa yeye. Alisimama pale jikoni akanywa uji wa moto mpaka ulimi ukaungua, na alipoutazama ulikuwa nusu. Ndipo akamwita Kanku.

Gundi aliipata kwa kusuuza sufuria. Ilikuwa maji meupe. Etiketi zilishika zikiwa mbichi; akashukuru Mungu, akaziacha chupa juani, akaenda kisimani. Aliporudi, jua lilikuwa limezikausha karatasi, zikajikunja, na nne zilikuwa zimeanguka chini ya sanduku. Mbili za kunywesha. Mbili za kuogesha. Na chupa nne zisizo na jina, nyeupe, zote zanuka mafuta.

Kakule alikuwa nyumba ya pili. Angemwita kwa sauti ya kawaida angesikia. Lakini angekuja angeuliza: gundi imekuwaje? Na sufuria ilikuwa pale, na mdomo wa mtoto ulikuwa na unga.

Mbelu akakwangua ukoko wa sufuria kwa ukucha, akapata gundi nzito ya kutosha etiketi nne. Akazitazama chupa. Ile yenye mdomo uliovunjika kidogo ilikuwa ya kunywesha. Karibu alikuwa na hakika. Akabandika.

Kesho yake Kakule alikwenda kwa Mama Jeanine, aliyekuwa na nguruwe watatu nyuma ya nyumba, mmoja mwenye mimba. Mama Jeanine alikuwa amewalinda miezi minane kuliko alivyojilinda mwenyewe. Alikuwa akisema watoto wa huyo nguruwe ndio watakaowavusha watoto wake. Kakule akawanywesha. Kabla ya saa sita nguruwe wale walikuwa wamelala ubavu, povu mdomoni, miguu ikikimbia bila kwenda popote. Akawapa makala yaliyosagwa kwa maji, akawafungua midomo kwa mikono yake, akawaita. Wakafa wote.

Watu walikuja na visu. Nyama ni nyama, na njaa ni njaa. Kakule akasimama mbele yao, amenyoosha mikono.

"Msile! Mzike. Ni sumu."

"Umejuaje ni sumu?"

Alikuwa ameishika chupa, anaitazama etiketi iliyoandikwa kwa mkono wake.

Hapo ndipo alipokwisha. Muntu wa mashariki, wakasema. Ametumwa kutumaliza kwa njaa. Baiskeli yake waliipiga kwa mawe mpaka ikawa waya. Sanduku lilivunjwa, chupa zikavunjwa, na etiketi zikaenda na chupa. Yeye mwenyewe walimpiga, akavuka mto na shati nusu. Na Mbelu? Mbelu alikuwa miongoni mwa watu. Alimshika Mama Jeanine mabega, akalia naye, na machozi yalikuwa ya kweli. Wiki nzima alikwenda kumsaidia kulia. Tangu hapo Mama Jeanine hakupika kitu kizuri bila kumtumia Mbelu sahani.

Vita vikaisha. Beya akarudi, akaishi, akafa. Naye mpaka anazikwa hakuambiwa. Mbelu alikuwa akijiambia neno moja tu la kumpa usingizi: Kakule anajua hakukosea. Mtu mwenye diploma anajijua. Moyoni mwake yuko safi, hata kama watu hawajui.

*

Ijumaa asubuhi Mbelu alipanda mtumbwi akavuka kwenda ng'ambo. Alijiambia atamwambia Kakule kwanza, pembeni, watu wawili tu, kama vile watu wanavyoambiana habari ya msiba. Akamkuta karibu na soko, ameketi nyuma ya vifuko vya makala. Nywele nyeupe. Mgongo umeinama kidogo upande mmoja, ule upande waliompiga.

Hakumtambua Mbelu. Au alimtambua akaacha.

"Unataka ya mbao ngumu ao ya kawaida, mama?"

"Ngumu."

Vifuko vilikuwa vimeandikwa kwa chokaa, herufi nzuri, zilezile za etiketi, zilizokaa vizuri kwenye mstari. NGUMU. KAWAIDA. Kakule akanyanyua kifuko kimoja, akakigeuza, akakitazama, kisha akamwita mwanamke wa nyanya aliyekuwa jirani yake.

"Mama, nisomee. Hapa pameandikwa nini?"

"Ngumu, Papa Kakule! Ngumu, kama jana na juzi!" Yule mwanamke akamgeukia Mbelu. "Usishangae, dada. Papa anaona vizuri kuliko mie. Anaona nzi kwenye nyanya zangu toka pale. Lakini chochote alichokiandika yeye, lazima muntu mwengine asome. Njo tabia yake. Tulimuzoea."

Kakule akatabasamu kidogo, kama mtu anayeomba radhi. "Ni vizuri kuhakikisha," akasema.

Maneno aliyoyapanga Mbelu kwenye mtumbwi yalikuwa yamekaa tayari, mstari mzima. Akalipa makala, akayaweka kichwani, akarudi mtoni. Mwenye mtumbwi akamwuliza kama upande wa Alunguli makala yamekwisha, mpaka watu wanayavukia maji.

*

Jumamosi parseli ya muzee Jacques ilijaa. Waliokosa benchi walikaa kwenye mabidoni ya maji. Kanku alikuja na mama yake. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mnene, mwenye sauti, muuza mikate anayejulikana avenyu nzima. Mama Jeanine, aliyekuja na mbuzi wake, akamwita Mbelu akae karibu naye, akampisha nusu ya benchi.

"Kaa hapa. Nisipokuwa na weye nitaanguka."

Mbelu akakaa.

Kakule alikuja na Dokta Déborah. Alikuwa amevaa koti, la baridi ya Butembo, katika joto lile. Watu walimtazama, naye alitazama miguu yao. Dokta akasema maneno yake: kwamba mutu huyu ana diploma, kwamba mambo ya vita ni ya vita, kwamba kuku wanakufa kila kiangazi na hakuna anayejua kuwachoma sindano. Watu wakaguna. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Awachome, halafu awazike!" Kicheko kikapita.

Muzee Jacques akasema: "Kakule, sema basi. Umeshitakiwa, jitetee."

Kakule akavua kofia.

"Sikuja kujitetea," akasema. "Nilikuja kwa sababu Dokta ni mutoto muzuri na sikutaka akasirike bure. Nyie muko na haki. Nguruwe wa Mama Jeanine niliwaua mie."

Watoto waliokuwa juu ya ukuta wakashuka, wakasogea karibu.

"Si kwa kutumwa. Hakuna aliyenituma, na hilo naapa. Lakini niliwaua. Niliandika etiketi, nikazipanga mbele ya chupa, nikazipanga vibaya. Nilikuwa na njaa, kichwa kilikuwa kinazunguka. Toka siku ile nimeifikiri ile asubuhi kila siku, na kila siku naona nimezipanga vizuri. Naona kabisa. Basi nikajua kwamba macho yangu yanaona kitu ambacho hakiko. Muntu wa namna hiyo hawezi kushika dawa. Dokta, nisamehe. Umupe mwengine sanduku. Na Mama Jeanine, sikupata siku ya kukuomba musamaha. Nakuomba leo."

Akainamisha kichwa na kubaki hivyo.

Miaka ishirini na zaidi Mbelu alimweka mtu huyu mahali safi ndani ya moyo wake, akamwambia kaa hapo, unajijua huna kosa; na yule mtu hakuwahi kukaa pale hata siku moja. Hakumwibia jina tu. Alimwibia asubuhi yake, ile aliyoiona kwa macho yake mwenyewe.

Akasimama.

"Ulizipanga vizuri," akasema.

"Nani anasema? Sauti!" watu wakasema.

"Mie Mbelu. Papa Kakule, ulizipanga vizuri zote. Mie njo nilizibandika. Zilianguka nne, nikabandika kwa kubahatisha. Sikukuita. Ulikuwa nyumba ya pili, sikukuita."

"Mama!" Kanku akamshika kitenge. "Mama, kaa chini, jua limekupiga."

"Niache. Zilianguka kwa sababu gundi ilikuwa maji. Gundi ilikuwa maji kwa sababu ule unga tuliukula."

Mwanamke mmoja mbele akapiga ulimi kwa huruma. Mwingine akasema, "Kumbe. Alikuwa anamulisha mutoto. Wakati ule! Nani kati yetu asingefanya?" Na sauti zikaanza kupanda, sauti laini: kweli, mutoto, mama ni mama. Njia ilikuwa imefunguka mbele ya Mbelu, njia pana, angepita nayo akaketi, na watu wangemletea maji ya kunywa.

Kanku alikuwa anamtazama, macho makubwa. "Ule uji, mama. Mie njo niliukunywa?"

"Ulikunywa," Mbelu akasema. "Nusu. Lakini kwanza nilikunywa mie. Nilikunywa peke yangu jikoni, mutoto iko inje analia, mpaka nikaona sufuria iko nusu. Musiseme mutoto. Mutoto hakuhusika."

Zile sauti laini zikakatika.

Hapo aliona haya ambayo hakuwahi kuijua, haya ya mwili wote, kama mtu aliyevuliwa kitenge sokoni. Kakule alikuwa amenyanyua kichwa anamtazama, na uso wake haukuwa na hasira wala furaha. Ulikuwa uso wa mtu anayehesabu, anayerudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye meza ile, chupa kwa chupa.

Mama Jeanine akasema, bila kumtazama: "Wiki nzima ulikuja kulia kwangu."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakufuta machozi na kitenge changu."

"Ndiyo, Jeanine."

"Sahani za pondu nilizokutumia. Pasaka. Noeli. Ulikuwa unakula?"

Mama Jeanine akainuka kwenye benchi, na Mbelu akadhani atampiga, akatamani ampige. Hakumpiga. Alimpita, akaenda mpaka mbele ya Kakule, akasimama.

"Lile jiwe la kwanza kwenye baiskeli yako," akasema, "njo mie nililitupa. Wengine walifuata." Halafu akatoka kwenye parseli, mbuzi wake akimfuata bila kuvutwa.

Baada ya hapo hakuna aliyejua kumtazama mwenzake. Waliokuwa watu wazima wakati ule walitazama chini. Muzee Jacques aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaiondoa tena. Ndipo akasema, polepole, kwamba ringi moja ya baiskeli ile ilikaa kwake mwaka mzima, aliitumia kufungia kamba ya kisima.

Dokta Déborah, ambaye wakati ule alikuwa mtoto mdogo, ndiye aliyerudi kwenye shauri. "Papa Kakule. Sanduku. Unasemaje?"

Kakule alikuwa bado yuko mbali kimawazo. "Niliweka ile yenye mudomo uliovunjika upande wa kulia," akasema peke yake. "Ilikuwa ya kuogesha. Niliiona. Niliiona kabisa." Akavua koti, kama vile joto limemfikia sasa. Akaegemea ukuta. Muzee Jacques akauliza kama yupo anayekataa; hakuna aliyeinua mkono.

"Nitalishika," akasema mwisho. "Kuandika nitaandika mie na kubandika nitabandika mie."

Mbelu akamsogelea. Alikuwa na neno la musamaha mdomoni, lakini Kakule akanyoosha kiganja, si kwa ukali.

"Si leo, mama. Leo sina kitu cha kukupa. Niko na furaha kubwa na niko na hasira kubwa, na sijui ipi itakaa. Niache nivuke mto kwanza."

Akavaa kofia, akaenda. Kanku alimshika mama yake mkono mpaka nyumbani. Mlangoni akauliza kama apike yeye.

*

Jumapili kanisani Mama Jeanine aliimba akiwa amegeukia upande wa madirisha. Mbelu alimsalimia mlangoni, hakuitikiwa. Jumapili ya pili akamsalimia, hakuitikiwa. Jumapili ya tatu Mama Jeanine aliitikia, "Ndiyo," bila jina, akapita. Mbelu alikwenda na neno hilo nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Kisimani wanawake waliacha kucheka alipofika, wakaanza tena alipoondoka. Alijua wanasema nini. Hakuchagua saa nyingine ya kuchota maji.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi uliofuata meza iliwekwa kwenye baraza ya nyumba ya shefu. Sanduku jipya, kufuli jipya, na nyuma yake Kakule kwenye kiti, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Mstari ulikuwa mrefu kuliko siku za Dokta. Mbelu alikaa mwisho wa mstari na kuku wake wawili, mmoja amelegea mabawa. Hakuwa wa kwanza tena, wala hakukimbia. Aliona jinsi mikono ya Kakule inavyofanya: anaandika, anasoma kwa sauti alichoandika, anabandika, anapitisha kidole gumba juu ya karatasi mara mbili, ndipo anatoa tone la damu ya mnyama. Hakumwita mtu yeyote kumsomea.

Zamu yake ikafika. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu watano waliochelewa, na wote wakasogea wasikie.

Kakule alichukua kichupa kipya. Hakuinua macho.

"Jina la mwenye kuku?"

Alilijua jina. Alilijua tangu kabla ya vita. Mbelu alilisema, na sauti ikatoka ndogo.

"Sijasikia, mama."

"Mbelu," akasema kwa nguvu, na wale watano wakasikia, na wa barabarani wakasikia. "Mbelu wa Beya. Avenyu hii hii."

Kakule akaandika, herufi moja moja, zilizokaa vizuri kwenye mstari. "Mbelu," akasoma. Akabandika, akapitisha kidole gumba mara mbili, akamnyooshea mkono amshikie kuku bawa.

"Mukaze vizuri," akasema. "Anapigapiga."

Mbelu akamkaza.